Hendibreki iliyokwama kwenye Hilux ya zamani: tafuta ilipokwama kabla ya kununua waya

Pikapu nyingi za zamani zinazopandisha mizigo Kibosho, Uru na Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hutembea na jiwe kwenye bodi. Gari likisimama mlimani, utingo anaruka chini na jiwe lake kabla dereva hajazima injini. Jiwe ndilo limekuwa hendibreki. Ukiuliza, utaambiwa waya ulishabadilishwa, pengine mara mbili, ukakwama tena, basi wakaachana nao.

Mara nyingi waya haukuwa na kosa. Kilichokwama kilikuwa kikono cha chuma kilichofungwa nyuma ya dramu (ngoma ya breki inayozunguka na tairi), mahali ambapo matope yote ya tairi hurukia. Waya mpya ukifungwa kwenye kikono kilichokufa kwa kutu, utavutwa kwa nguvu siku chache, utarefuka, na mwenye gari ataona amepoteza hela. Kwa hiyo kazi hii huanza kwa kutafuta ugonjwa ulipo. Spana hufuata baadaye.

Maelezo haya ni ya Toyota Hilux za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, kama LN65 na LN106, zenye dramu nyuma na ule mpini wa kuvuta ulio chini ya dashibodi. Land Cruiser pikapu za 75 zinafanana nazo sana, ila mpangilio wa waya na saizi za boliti hutofautiana, kwa hiyo angalia gari lako mwenyewe kabla ya kufuata kila namba. Land Rover 109 ina mfumo mwingine kabisa, nao umeelezwa kwa kifupi huko chini.

Mnyororo mzima, kutoka mpini hadi kiatu

Mpini unavuta waya wa mbele. Waya huo unapita kwenye ukuta wa injini, unashuka hadi kwenye wenzo uliofungwa kwenye chesisi. Kutoka hapo nguvu inafika kwenye kipande cha mizani, ambacho kazi yake ni kugawa mvuto sawasawa kwa waya mbili za nyuma, wa kushoto na wa kulia. Kila waya wa nyuma unaishia kwenye kikono chenye umbo la L kilichofungwa nyuma ya bamba la breki. Kikono kinageuka juu ya pini, kinavuta wenzo ulio ndani ya dramu, na wenzo huo unatanua viatu viwili vya breki.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, na ndilo linaloifanya hendibreki ya gari hili iwe muhimu hata kwa mtu anayeishi tambarare ya TPC, kwenye mashamba ya miwa. Ndani ya dramu kuna gurudumu dogo la meno linalosogeza viatu karibu na dramu kadiri lainingi (tabaka la kusugua lililo juu ya kiatu) zinavyolika. Gurudumu hilo huzungushwa unapovuta hendibreki. Hendibreki ikikwama, viatu havijirekebishi tena, nafasi inaongezeka, na pedali ya mguu inaanza kushuka. Mwenye gari anatoa hewa kwenye breki, anabadilisha masta silinda, pedali bado iko chini. Tatizo lilikuwa kwenye kikono.

Kwa nini inakwama

Waya wa hendibreki ni waya wa chuma uliosokotwa, unaoteleza ndani ya ganda la chuma lililofunikwa kwa plastiki. Mwishoni mwa ganda kuna raba ya kuzuia vumbi. Raba ikipasuka, maji ya masika huingia na kukaa sehemu ya chini ya upinde wa waya. Kiangazi kikifika, vumbi laini la Monduli au Longido linaingia kwa njia hiyohiyo na kuchanganyika na grisi ya zamani hadi inakuwa kama udongo wa kufinyangia. Magari yanayoshuka Engaruka na Ziwa Natron hupata na vumbi la magadi, ambalo hushika unyevu na kuharakisha kutu.

Sababu nyingine ni kutotumika. Waya unaovutwa kila siku hujisafisha wenyewe kidogo. Gari la kuegeshwa kwa gia na jiwe mwaka mzima halina namna hiyo.

Halafu kuna hili la kuvuka mto au kuoshwa kisha kuvuta hendibreki na kulala. Asubuhi viatu vimeshikana na dramu kwa kutu, na gari halisogei. Hapo waya ni mzima kabisa. Ukimaliza kuvuka maji, endesha kama mita 200 ukiwa umekanyaga breki kidogo ili dramu zipate joto na kukauka, na usiku huo egesha kwa gia na jiwe.

Vifaa

Jeki, stendi mbili za chuma zinazobeba uzito wa gari, na mawe manne makubwa au magogo ya kuzuia tairi za mbele, mbele na nyuma. Spana za 10, 12, 14 na 17, spana ya magurudumu ya 21, koleo, vaisgripu, bisibisi bapa ndefu, nyundo, brashi ya waya, msasa wa 120 na wa 240. Boliti mbili za M8 zenye hatua ya nyuzi ya 1.25, urefu wa milimita 40, zenye nyuzi hadi kichwani. Dawa ya kulegeza kutu. Ukiikosa, changanya dizeli na hydraulic ya gia boksi ya otomatiki nusu kwa nusu. Grisi nzuri isiyoyeyushwa na maji. Splitipini mpya nne au zaidi, maana za zamani hazirudishwi. Kipande cha tyubu ya baiskeli cha sentimita 15. Matumizi yake utayaona.

Usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuangalia tu.

Kutafuta ilipokwama

Egesha mahali tambarare na pagumu. Zuia tairi za mbele kwa mbele na kwa nyuma. Achia hendibreki, weka gia huru, inua nyuma yote na uiweke kwenye stendi zilizosimama chini ya ekseli. Zungusha tairi kwa mkono. Ikiwa moja ni nzito na nyingine inazunguka vizuri, tayari una dokezo.

Sasa msaidizi akae ndani avute mpini jino moja moja, polepole, na wewe uangalie chini kuanzia mbele kwenda nyuma. Waya wa mbele unatembea? Wenzo wa kwenye chesisi unageuka? Mizani inasogea? Mizani ikilala upande, ule upande uliobaki nyuma ndio wenye tatizo, kwa sababu waya uliokwama unashikilia ncha yake huku mwenzake ukivutwa. Kisha angalia kikono cha kila gurudumu. Mahali mwendo unapoishia ndipo palipokwama, au ni kitu kinachofuata hapo.

Ili kutenganisha waya na kikono, legeza kwanza nati ya kurekebisha kwenye mizani hadi waya ziwe lege, ukiwa umehesabu na kuandika nyuzi ngapi zilikuwa zinaonekana nje ya nati. Toa splitipini na pini inayoshika uma wa waya kwenye kikono. Sasa shika kikono kwa mkono na ukigeuze. Kikono kizima kinasogea, unasikia viatu vikigusa dramu, na ukiachia kinarudi chenyewe hadi kwenye boliti yake ya kuegemea. Kama hakisogei, au kinasogea na kubaki hukohuko, umempata mgonjwa. Halafu shika uma wa waya kwa koleo na uvute, mwenzako avute upande wa mizani. Waya mzima unateleza kwenda na kurudi kwa nguvu ya vidole.

Yote yakiwa mazima nyuma, angalia mpini. Fimbo yake yenye meno hukauka na kujaa vumbi. Oili kidogo na kuuzungusha mara kadhaa huwa inatosha.

Na kama gari limekwama breki ikiwa imevutwa na uko barabarani: zuia tairi, legeza nati ya mizani hadi mwisho. Tairi zikibaki zimeshikwa, gonga dramu kwa nyundo kuizunguka, kwenye ukingo wake mnene, kisha jaribu gia ya kwanza na ya rivasi kwa upole mara chache. Usiliburute kwa nguvu ya injini. Lainingi inaweza kubanduka kwenye kiatu na kujikunja ndani ya dramu, na hapo umetengeneza kazi kubwa zaidi.

Kikono

Hapa ndipo pa kukaa muda, kwa sababu ndipo magari mengi hupona.

Toa tairi. Pulizia dawa ya kutu kwenye pini ya kikono, juu na chini, na ukiweza acha ilale usiku mzima. Asubuhi jaribu kukigeuza kwenda na kurudi kwa vaisgripu, kidogo kidogo, ukiongeza dawa. Utaona tope la rangi ya kahawa linatoka kwenye pini kila kinaposogea. Endelea hadi kinachotoka kiwe kisafi. Usikipige kikono chenyewe kwa nyundo. Kinapinda, na kikono kilichopinda hakitavuta sawa na mwenzake.

Kikilegea hivyo kwenye gari, bado usikiache hapo. Dawa ya kutu hukauka, na baada ya wiki chache kitarudi kulekule. Kinatakiwa kifunguliwe, kisafishwe na kupakwa grisi.

Kwa hilo dramu lazima itoke. Kwenye uso wa dramu kuna matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza zile boliti mbili za M8 na uzikaze nusu mzunguko huku na nusu mzunguko kule, kwa zamu. Dramu inasukumwa nje bila kupigwa. Ikigoma kabisa, viatu vimeshika kwenye ukingo uliolika ndani. Toa kizibo cha raba nyuma ya bamba, ingiza bisibisi nyembamba kusogeza kijiti kinachozuia gurudumu la meno lisirudi, na kwa bisibisi ya pili rudisha gurudumu hilo nyuma ili viatu vijikunje.

Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lowanisha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe.

Dramu ikiwa mkononi, pima. Ya Hilux 4x4 ni milimita 295 ikiwa mpya, na kikomo ni 297. Lainingi ikifika milimita 1 imekwisha. Sisi hatusubiri hapo, ikibaki 2 tunabadilisha, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile. Angalia silinda ya gurudumu kwa kufunua raba zake kidogo. Ukiona unyevu wa mafuta ya breki, irekebishe kwanza. Lainingi iliyolowa mafuta haishiki hata ukifunga waya wa dhahabu.

Toa viatu na springi zake, upande mmoja kwanza, ili upande wa pili ubaki kama picha ya kuigia. Tenganisha wenzo wa ndani na kikono. Kikono na kishikio chake hutoka pamoja kwa kufungua boliti mbili nyuma ya bamba. Kikamate kwenye vaisi, toa klipu, na usukume pini itoke. Ikigoma, weka soketi upande wa pili ili kichwa cha pini kipate pa kutokea, kisha ubane vaisi polepole. Hapa moto wa gesi unaruhusiwa, kwa kuwa kikono kiko nje ya gari na raba umeshaitoa.

Safisha pini kwa msasa wa 120 kisha wa 240 hadi ing'ae. Viringisha msasa kwenye kijiti na usafishe tundu vilevile. Pini inatakiwa izunguke kwa uzito wa kikono chenyewe. Ikiwa imelika hadi ina mfereji, mpelekee fundi wa leithi akuchongee nyingine, na umwambie unataka chuma kigumu. Nondo ya ujenzi ni laini, italika kabla ya masika mawili. Paka grisi kwenye pini na ndani ya tundu, kidogo tu. Grisi ya ziada itayeyuka kwa joto la dramu na kutiririka kwenye lainingi. Funga raba mpya. Raba ya zamani iliyopasuka ndiyo iliyoleta shida yote. Kuirudisha ni kuanza kuhesabu siku upya.

Waya: kuuachia au kuutupa

Waya uliokwama unaweza kuokolewa ikiwa ganda lake halijapasuka, hakuna uzi hata mmoja uliokatika kwenye msokoto, na ncha zake ni nzima. Pitisha kitambaa juu ya sehemu ya waya inayoonekana; uzi uliokatika utanasa kitambaa. Ukipata hata mmoja, au plastiki ya ganda imevimba kwa kutu iliyo ndani, tupa.

Ukiwa mzima, utoe wote kwenye gari. Vua raba ya ncha moja na uvalishe kile kipande cha tyubu ya baiskeli juu ya mwisho wa ganda, ukifunge kwa mkanda wa mpira hadi kikaze. Ning'iniza waya ukiwa wima, tyubu ikiwa juu kama faneli, na umimine mchanganyiko wa dizeli na hydraulic kama vijiko viwili vya chai. Chini weka kopo. Vuta waya juu na chini unavyoweza, ongeza, acha ulale. Matone ya kwanza hutoka mazito na meusi, yanafuata mekundu ya kutu, na ikienda vizuri siku ya pili yanatoka karibu masafi. Maliza kwa oili safi ya injini ya 40, pitisha hadi itoke chini. Grisi nzito haipenyi humo, hujaza tu mdomo na kukudanganya.

Usitumie petroli wala tina kama ganda lina bomba la plastiki ndani. Na usichome waya kwa moto hata kidogo: plastiki inayeyuka, chuma kinapoteza ugumu, na pembeni yake kuna bomba la mafuta ya breki.

Siku mbili zikipita na bado unahitaji koleo kuuvuta, nunua mwingine.

Kununua

Nenda dukani na waya wa zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi. Ukisema tu "Mangi, nipe waya wa hendibreki wa Hilux," utapewa wowote unaofanana. Kushoto na kulia hazilingani urefu, gari la chesisi fupi na ndefu hazilingani, na 4x4 si sawa na ya tairi mbili. Zilaze zote mbili kaunta sambamba na ulinganishe vitu vinne: urefu wa ganda, urefu wa waya unaotoka nje ya ganda pande zote mbili, aina ya uma au kichwa, na mahali vishikio vilipo. Tofauti ya sentimita mbili kwenye waya unaotoka nje inatosha kukunyima marekebisho yote.

Mtaa wa Unga Limited, Arusha, kuna mafundi na spea za magari ya zamani karibu karibu, na waya wa mtumba unapatikana. Mtumba si mbaya ukiupima kwa kitambaa na kwa vidole kama ilivyoelezwa hapo juu. Usichokubali ni waya uliounganishwa kwa kuchomelewa. Palipochomelewa panakuwa pakavu, na panakatika siku umebeba tani moja mlimani. Waya wa klachi ya bodaboda nao ni mwembamba mno kwa kazi hii.

Kufunga

1. Kabla ya kutoa waya wa zamani, piga picha za njia yake yote. Kwa waya wa mbele, funga kamba ndefu kwenye ncha unayoivuta, ili ibaki imepita kwenye ukuta wa injini na kukuongoza kurudisha mpya.

2. Loweka klipu na boliti za vishikio vya kwenye chesisi siku moja kabla. Nyingi ni za 10 au 12 na vichwa vyake huchanika kirahisi. Ikichanika, tumia vaisgripu mapema kabla haijawa mviringo kabisa.

3. Pitisha waya mpya palepale pa zamani. Pinde ziwe pana. Pasiwe na mahali unakaribia bomba la moshi, wala panaposugua springi za majani. Usifunge kwa kamba za plastiki pale palipokuwa na kishikio cha chuma. Joto na vumbi huzikata.

4. Funga ncha ya nyuma kwanza, kwenye kikono, kisha mizani, na mwisho waya wa mbele. Paka grisi pini zote, ingiza splitipini mpya na ukunje miguu yake.

5. Shusha gari kwenye tairi zake, au inua ekseli kwa jeki ya pili, uangalie waya ukiwa na uzito wa gari. Ekseli inaposhuka na kupanda waya hautakiwi kukaza. Waya unaokaza wakati gari likirukaruka utakuwa unabana breki mwenyewe njia nzima ya Mto wa Mbu.

Kurekebisha, kwa mpangilio huu tu

Kosa linaloharibu kazi nzuri kuliko yote ni kukimbilia nati ya mizani. Nati hiyo ni ya mwisho. Ukiikaza ili kufidia viatu vilivyo mbali, vikono haviwezi kurudi hadi mwisho, na gurudumu la kujirekebisha haliwezi kuruka jino. Baada ya mwezi uko ulipoanzia.

Anza na viatu. Dramu ikiwa imerudi na waya zikiwa lege, zungusha gurudumu la meno kwa bisibisi hadi tairi ishikwe. Kanyaga pedali mara tatu ili viatu vikae katikati. Kisha rudisha gurudumu nyuma hadi tairi izunguke kwa mkono na usikie mkwaruzo mwepesi tu.

Halafu kikono. Kuna boliti ndogo yenye nati ya kufungia ambayo kikono huegemea kikiwa kimepumzika. Vuta kikono kidogo hadi ulegevu wa ndani uishe, bila kusogeza viatu. Katika hali hiyo nafasi kati ya kikono na boliti iwe milimita 0.4 hadi 0.8. Kama huna kipimo, wembe wa msumeno wa chuma una unene wa kama 0.6, upite kwa kugusa. Nafasi ikiwa ndogo mno viatu vitakuwa vinasugua. Ikiwa kubwa, unapoteza meno ya mpini bure. Fanya pande zote mbili.

Sasa ndiyo nati ya mizani. Kaza hadi ulegevu wa waya uishe na vikono viwe bado vimeegemea boliti zake. Vuta mpini kwa nguvu ya kawaida. Hendibreki ianze kushika mpini ukiwa kama katikati ya mwendo wake na ifunge tairi zote mbili kabisa kabla ya mwisho. Achia, zungusha tairi, ziwe huru. Kama zina uzito, legeza nati robo mzunguko na urudie. Funga nati ya pili ili isirudi.

Mwisho vuta na kuachia mpini mara kumi hadi kumi na tano, ukisikiliza ndani ya dramu. Mlio mdogo wa jino kuruka ndio ule mfumo wa kujirekebisha unaorudi kazini. Mlio huo ukinyamaza, nafasi imeshakaa sawa.

Land Rover 109 na Land Cruiser za zamani zaidi

Land Rover za Series, na Land Cruiser FJ za mwanzo, hendibreki yake haiko kwenye magurudumu. Ni dramu moja nyuma ya gia boksi ndogo, inayoshika propela shafti. Kwenye Land Rover ya Series hakuna waya. Ni fimbo na viungo, na vinavyokwama ni viungo. Vitoe, visafishe, vipake grisi kama kikono. Kama viungo ni vizima na breki haishiki, fungua dramu uangalie oili: sili ya nyuma ya gia boksi ikivuja, viatu hulowa.

Tahadhari mbili za mfumo huu. Usiivute gari likiwa kwenye mwendo, maana nguvu yote inaangukia kwenye propela na difu. Na ukiinua tairi moja ya nyuma kwa jeki huku ukitegemea hendibreki hiyo, difu inaruhusu tairi iliyo hewani izunguke na gari linatembea likiwa kwenye jeki. Mawe kwenye tairi za mbele kabla ya jeki, daima.

Kujaribu

Jaribu kwanza bila mzigo, kwenye mwinuko mfupi usio na watu nyuma wala mbele. Simama, vuta, weka gia huru, toa mguu kwenye pedali polepole ukiwa tayari kuurudisha. Msaidizi asimame pembeni na jiwe, kamwe asisimame nyuma ya gari. Geuza gari na ujaribu likiangalia chini pia, kwa sababu viatu havishiki sawa pande zote mbili za mzunguko. Kisha rudia na mzigo ambao gari hubeba kweli. Hendibreki iliyoshika bodi ikiwa tupu haijathibitisha kitu kwa gari la ndizi.

Endesha kilomita 20 bila kutumia breki nyingi, simama, sogeza kiganja karibu na dramu za nyuma bila kugusa. Zote mbili ziwe na joto linalofanana. Moja ikiwa inachoma na nyingine vuguvugu, rudi kwenye kikono cha ile ya moto na uangalie ile nafasi ya 0.4 hadi 0.8.

Waya mpya hurefuka kidogo na lainingi mpya hukaa. Baada ya kilomita 500 inua tena nyuma, hesabu meno ya mpini, na ukaze nati kama imelegea. Baada ya hapo ni mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, kuangalia raba na kupaka grisi, na Juni matope yakikauka, kuosha vikono na kuvigeuza kwa mkono kimoja kimoja.